Lala, mwanangu, pepa ni kesho

Mwanangu mpendwa Neema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Morogoro. Sisi huku wazima, hofu ni kwako uliye mbali nasi. Jumapili uliponipigia kwa simu ya matroni, zile dakika tatu, nilisikia sauti yako imekauka. Ukaniambia, "Mama, silali. Taa za bweni zikizimwa tunahamia kusomea chooni, kule haizimwi." Tangu siku hiyo na mimi usingizi umenipaa, ndiyo maana naandika. Barua nampa mjomba wako, anapita huko kesho.

Sijawahi kukusimulia pepa yangu ya Hisabati ya kidato cha nne. Usiku wa kuamkia siku ile nilikesha na koroboi, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji baridi ili usingizi usinichukue. Asubuhi nikaingia kwenye mtihani macho yanawasha kwa moshi wa mafuta ya taa. Swali la kwanza nikalifanya. La pili nikalianza, na ninachokumbuka baada ya hapo ni msimamizi kunigusa bega. Nilipotazama karatasi, wino ulikuwa umechora mstari mrefu kutoka katikati ya hesabu hadi ukingoni, pale mkono ulipoteleza. Kanuni niliyoikariri mpaka alfajiri haikunijia kabisa. Ilinijia jioni, nikiwa napiga deki bweni.

Nilipata F. Hesabu zile nilikuwa naziweza, Neema, na mwalimu wangu alijua naziweza. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko ile F yenyewe.

Kwa hiyo nakuomba sana, saa 4 usiku uwe kitandani. Wiki hii zipo siku mna pepa ya saa 2 asubuhi na nyingine saa 8 mchana, na kichwa kisicholala hakifiki jioni. Uliyosoma tangu kidato cha kwanza yamo humo kichwani, na usingizi ndio unaoyatuliza yakae. Wanaosomea chooni usiwacheke, ila usiwafuate.

Mkitoka kwenye pepa, usisimame pale nje wanapoulizana "namba tano umepata ngapi?" Wengi pepa ya mchana wanaiharibia hapo hapo. Nenda kachukue chakula chako, ule hata kama ni maharage yaleyale, ukae kivulini. Swali likikukatalia, liruke, fanya unayoyaweza kisha ulirudie. Na kwenye Hisabati andika kila hatua, hata jibu likigoma, maana njia nayo ina alama zake.

Nimekuwekea kalamu mbili za bluu, rula, glukosi na karanga nilizokaanga jana. Baba yako ameongeza sabuni, anasema uoge kabla ya kulala. Kanga iliyo juu ni ile yangu ya kulalia. Usiifue kwanza, jifunike nayo hivyo hivyo.

Habari ya nauli usiihangaikie. Siku ya pepa ya mwisho nitakuwa getini tangu asubuhi. Sanduku usilibebe peke yako, nisubiri.

Ni mimi mama yako.