Shukrani kwa mama wa bustani ya Porta Venezia, Milano

Sikukuuliza jina, mama, na hilo linaniuma. Jumamosi mchana, katika bustani ya umma ya Porta Venezia, ile aliyoichora msanifu majengo Piermarini na kufunguliwa mwaka 1784, bi mkubwa wangu alishikwa na kizunguzungu kwa joto. Nilibaki nimemshika mkono, sijui pa kuanzia. Wewe ulimpisha kwenye benchi lako, ukavua kitambaa cha shingoni, ukakimbia nacho hadi kwenye bomba la kijani lenye kichwa cha joka cha shaba, ukarudi kinachuruzika maji, ukamwekea kisogoni. Lugha hatukusikilizana hata neno moja. Ulikaa naye kivulini mpaka akatabasamu. Kitambaa chako tunacho, tumekifua na kukipiga pasi. Asante sana, mama. Mungu akuzidishie.