Msifyeke kando ya shamba kwa siku moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba mkulima hodari hujulikana kwa shamba lisilo na jani hata moja la gugu. Nami niliamini hivyo miaka mingi. Nilipalilia mpaka njiani, na ningeweza ningefagia kabisa. Walionigeuza ni nyanya zangu wenyewe.

Pembeni mwa shamba kulikuwa na ukanda wa magugu, upana wa hatua tatu hivi: mnavu, kishona nguo, mchunga, na mnanaha hapa na pale. Nyanya ndiyo kwanza zilikuwa zinatoa maua. Nikaona ukanda ule ni aibu, nikaufyeka wote alasiri moja. Kesho kutwa yake nilipogusa mche wa mstari wa kwanza, wakaruka inzi weupe kama unga uliopulizwa. Mstari wa tano, vilevile. Walikuwa kwenye mnavu siku zote. Mnavu uliponyauka wakahamia kwenye kijani kilichobaki. Baada ya wiki chache majani ya juu yakaanza kujikunja na kuwa ya njano, na miche iliyodumaa haikuzaa kitu.

Mnavu na mnanaha ni ukoo mmoja na nyanya, ndiyo maana wadudu wengi wanaokula nyanya huridhika nayo: inzi weupe, kantangaze, utitiri mwekundu. Hata virusi vya kujikunja kwa majani huweza kukaa humo, pengine gugu lenyewe lisionyeshe dalili yoyote, na inzi mweupe akishafyonza hapo huvibeba hadi kwenye nyanya. Hayo siyahurumii. Ila siku hizi nayang'oa wiki mbili tatu kabla ya kuhamisha miche, ili wadudu wakose pa kula na pa kwenda. Kwenye kabichi mambo ni hayohayo: haradali mwitu na figili mwitu huwatunza vidukari, wadudu wadogo wafyonzao utomvu, wale wa kijivu wenye ungaunga, na nondo ambaye viwavi wake huyatoboatoboa majani.

Mchunga ni habari nyingine. Nilianza kuuchungulia kwa kioo cha kukuzia nikakuta mashina yamejaa vidukari wa hudhurungi iliyokoza. Zamani ningekimbilia bomba la dawa. Kumbe wale ni wa mchunga na jamaa zake. Nyanya na kabichi si chakula chao. (Anayelima saladi asinifuate hapa, maana saladi na mchunga ni jamaa.) Katikati yao nikaona vidukari waliovimba na kukauka, rangi ya majani makavu, kila mmoja ana kitundu mgongoni kama kilichodungwa kwa sindano. Ndipo alipotokea nyigu mdogo mno, aliyetagwa humo akiwa yai, akamla mwenyeji wake kwa ndani mpaka akapevuka. Pia walikuwepo wadudu wa mviringo, wenye mgongo mwekundu na madoa meusi. Hao hawachagui sana ukoo wa kidukari. Wa mchunga wakipungua, wanaingia kwenye kabichi kutafuta wale wa kijivu, nami siwalipi.

Kishona nguo kinanipa tabu kukisemea, kwa sababu kinafuga vithiripi, wadudu wadogo sana waharibifu wa mimea, na mbegu zake zinang'ang'ania suruali. Lakini maua yake yana wageni tangu asubuhi. Wale inzi wenye mistari ya njano wanaosimama hewani bila kutua hula nekta na chavua tu. Mla vidukari ni mtoto wao, funza asiye na miguu. Mama asipopata ua karibu, hana sababu ya kuja kutaga kwangu. Basi naacha kichanue, nakikata kabla mbegu hazijakauka.

Nimesoma pia habari za mizabibu ya California. Kule kuna mdudu mrukaji anayefyonza majani ya mzabibu, na nyigu aitwaye Anagrus ambaye watoto wake hukulia ndani ya mayai ya mdudu huyo. Majira ya baridi mzabibu hupukutika, na mrukaji hubaki mdudu mzima, hatagi. Nyigu akae wapi? Mwaka 1965 watafiti walieleza kwamba hujisitiri kwenye vichaka vya miberi mwitu, ndani ya mayai ya mrukaji mwingine asiyedhuru zabibu. Aliyefyeka vichaka vile vya miiba akijisifu kwa usafi alikuwa akimfukuza mlinzi wake.

Simwambii mtu aache palizi. Ndani ya mistari napalilia kama zamani, hasa wiki za mwanzo, maana mche mchanga hauwezi kugombania maji na mbolea na gugu. Kule pembeni ndiko nimebadilika: nafyeka nusu, nasubiri wiki mbili, ndipo namalizia nusu ya pili.

Ombi langu kwa ukurasa wenu wa kilimo ni kwamba mkichapisha ushauri wa palizi, mtaje gugu kwa jina lake na zao linalohusika. Tena mtuwekee picha ya buu la yule mdudu wa madoa meusi. Ni jeusi, refu, lina alama za rangi ya machungwa, halifanani hata kidogo na mzazi wake. Mimi nililinyunyizia dawa misimu mitatu nikidhani ni adui.

Mkulima wa nyanya na kabichi,
msomaji wenu wa siku nyingi