Risala ya wazee wa kata kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazee, Moshi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya,

Walionizidi umri, shikamooni. Waliobaki, marahaba.

Tunakushukuru kwa kuacha ofisi ukapanda huku kwenye migomba leo Oktoba 1. Barabara umeiona mwenyewe, hatutaisema.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wengi wetu kadi ya matibabu bure tunayo. Dirisha la wazee lipo. Shida yetu inaanza daktari akishamaliza.

Mwenzetu mmoja alipata kiharusi wakati wa masika. Alirudi hai, tukashukuru. Akaandikiwa mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, mjini. Ndugu Mgeni Rasmi, mtu aliyepooza upande mmoja hakai kwenye bodaboda. Ikabidi kukodi gari, kwenda na kurudi, na msindikizaji juu. Alikwenda mara tatu tu. Watoto wako Dar, wanapanda Desemba. Leo mkono umejikunja kifuani, umekakamaa, na ile kadi ya bure iko kabatini, safi kabisa.

Kinachotuuma ni kwamba wataalamu hawa wanafundishwa hapahapa Moshi. Pale hospitali ya KCMC wanasomesha wa mazoezi ya viungo, na chuo cha TATCOT kinafundisha watengenezaji wa viungo bandia tangu 1981. Wanafunzi wanatoka nchi nyingine za Afrika kuja kusoma. Sisi huku juu tunatembelea fimbo za mgravilea tulizochonga wenyewe, na fimbo isiyo ya kimo chako inakuongezea maumivu ya kiuno.

Hatuombi jengo. Tunaomba mtaalamu mmoja apande zahanati yetu siku moja kwa wiki, isiwe siku ya gulio. Aje na wanafunzi wake, wapite kwa wasioweza kutoka, wawaonyeshe wakamwana na wajukuu namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Chumba tumeshasafisha, kile kilichokuwa stoo ya vyandarua. Mikeka tutachangishana, na ndizi za mtaalamu hazitakosekana.

Akina mama wamesisitiza nisisahau miguu. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi hasikii msumari ukimchoma unyayo. Kidonda kinagunduliwa kimeshanuka. Siku hiyohiyo ya mazoezi, nyayo nazo zikaguliwe.

Tunaomba kuwasilisha.