Mdogo wangu, sikukupiga

Mdogo wangu,

Simu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza, basi nakuandikia hapa ambapo najua utapita hata kama ni kwa kunyatia. Mama ameniambia umepewa vipindi vya hesabu, watoto wa miaka 12 hadi 14. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Wewe! Wewe uliyekuwa ukisikia neno "sehemu" tu tumbo linaanza kukukata. Halafu kicheko kikaniishia mdomoni, maana nakumbuka ulivyotaja chanzo cha hilo tumbo, kipaza sauti mkononi, mbele ya ukumbi mzima.

Tulimalize hilo kwanza. Siku ya harusi yako uliwaambia wageni kwamba dada yako alikupiga kwa ajili ya hasi mara hasi. Watu wakacheka, wifi akacheka mpaka akashika meza, na mimi nikacheka, ningefanyaje. Lakini sikukupiga. Nilivunja penseli. Ilikuwa yako, ile uliyoitafuna kichwani mpaka rangi ikatoka. Niliivunja katikati, nikaviweka vipande juu ya daftari, kimoja huku na kingine kule, nikasema, "Ndivyo ilivyo, kariri." Wewe una miaka 12, mimi 17. Ulikuwa umeuliza maswali mawili tu usiku ule: kwa nini hasi 2 mara hasi 3 iwe 6, na kama sifuri ni shufwa au witiri. Uliviokota vipande, ukavitia mfukoni, ukaenda kulala. Hukulia. Ungelia ningejua la kufanya.

Nililoshindwa kukwambia ni kwamba sikuwa najua. Nilikaririshwa, nikapata alama nzuri, nikapongezwa, na kila mtu nyumbani akaamini naelewa. Sasa unakuja wewe na swali moja dogo unataka kunivua nguo. Ndiyo, ukali wangu ulikuwa wa kujificha. Lakini na wewe ulikuwa na namna yako ya kuuliza, ya kukaza macho, kama hakimu.

Na sikuwa wa kwanza kubabaika, usinifanye mjinga. Mwaka 628, huko India, Brahmagupta aliandika kanuni za namba hizi akiziita chanya mali na hasi deni, na deni mara deni likawa mali. Zaidi ya miaka 1,100 ikapita. Mwaka 1758 Mwingereza Francis Maseres, mwanahesabu na mwanasheria, akachapisha kitabu cha kuzipinga namba hasi. Yeye alitaka alama ya kutoa itumike tu pale unapotoa namba ndogo kwenye kubwa. Mtu mzima, msomi, ana kitabu kizima cha malalamiko. Mimi msichana wa miaka 17, na kesho yake nina mtihani, ulitaka nifanye nini?

Basi. Umepewa darasa, nisikilize, hili nalijua.

Usiwape kanuni mwanzoni. Wape namba za kuhesabia peke yake, 1, 2, 3 na kuendelea, waambie ndizo zote zilizopo duniani. Waache wajumlishe wapendavyo, wazidishe wapendavyo: kila jibu litakuwa mle mle ndani. Kisha waulize 3 toa 5. Watasema haiwezekani. Wakubalie! Kwenye mfumo ule kweli haiwezekani. Sisi tuliambiwa haiwezekani, mwaka uliofuata tukaambiwa inawezekana, na hakuna aliyetuomba radhi wala kutueleza kilichobadilika katikati. Kilichobadilika ni mfumo. Tuliongeza sifuri na namba hasi ili swali lipate jibu. Kugawanya nako kutadai sehemu, na ulalo wa mraba wenye upande wa 1 utadai namba isiyoandikika kama sehemu yoyote ile. Hapo pita haraka, watakuja kukutana nayo.

Pa kutopita haraka ni hapa: namba mpya zinapoingia, sheria za zamani haziguswi. Wenyeji hawahami kwa sababu ya wageni. Kwa mfano sheria ya kufungua mabano. 2 mara (3 jumlisha 4) ni sawa na 2 mara 3 jumlisha 2 mara 4. Hata ukiwapangia vijiti mezani wataiona. Sasa tunataka iendelee kufanya kazi hata kwa wageni. Andika ubaoni:

hasi 2 × (3 + hasi 3)

Ndani ya mabano mna sifuri, kwa hiyo jibu zima ni sifuri, hakuna atakayebisha. Fungua mabano. Hasi 2 mara 3 ni hasi 6, yaani hasi 2 imejirudia mara tatu. Inabaki hasi 2 mara hasi 3, ambayo hatuijui. Lakini hasi 6 ukiijumlisha na hiyo tusiyoijua lazima upate sifuri. Ni namba gani inaweza kuizima hasi 6? Nyamaza hapo. Usiseme wewe, waache waseme wao. Kuna mtoto mmoja nyuma, hasemi kamwe, ndiye atakayesema. Nimeona hivyo si mara moja, na kila mara nakukumbuka wewe, ingawa wewe ulikuwa unakaa mbele na kusema sana.

Habari ya madeni itumie kwa kujumlisha na kutoa tu. Ukifutiwa deni umenufaika, hiyo wataielewa. Ila ukifika kwenye kuzidisha iache, maana deni mara deni hakuna mtu amewahi kuliona, na watoto wana haki ya kukuuliza ni kitu gani.

Watakaobaki na shaka, na watabaki, wapelekee saa ya ukutani ya mishale. Hili nililigundua usiku ule wa harusi yako. Nimerudi, sina usingizi, nimejilaza na nguo za sherehe nikikuwazia mabaya, macho yangu yakiwa kwenye saa. Mfumo wa saa una namba 12 tu, na 12 yenyewe ndiyo sifuri, kwa sababu mshale ukienda saa 12 unarudi ulipokuwa. Kurudi nyuma saa 2 au kwenda mbele saa 10, unafika pale pale. Kwa hiyo kwenye saa hasi 2 jina lake ni 10. Hasi 3 jina lake ni 9. Nikazidisha 10 kwa 9 nikapata 90. Mizunguko saba kamili ni 84, itoe. Inabaki 6.

Niliketi kitandani. Swali lako lilelile, bila hata alama moja ya hasi, na jibu lilelile. Nikajaribu hasi 1 mara hasi 1: 11 mara 11 ni 121, toa 120, inabaki 1. Nilitaka kukupigia simu saa ile ile, nikakumbuka ni usiku wa harusi yako, na pia nikakumbuka nimekasirika.

Mtoto mjanja atakuvumbulia kwamba kwenye saa 3 mara 4 ni sifuri, wakati hakuna sifuri iliyoingia. Msifu. Kila mfumo una vituko vyake, na cha saa ni hicho.

Ninyi wengine mnaosoma mniwie radhi, haya yalikuwa ya nyumbani.

Mdogo wangu, sikatai uliumia. Nakataa tu neno "alinipiga", maana watoto wangu walikuwa ukumbini na mpaka leo mkubwa akikosea hesabu anauangalia mkono wangu. Rekebisha hilo kwao, kwa mdomo wako, siyo kwa ujumbe. Mimi nitakuletea ile saa. Ni kubwa, inaonekana hadi dawati la mwisho, ila mshale wa dakika umelegea, nimeufunga kwa uzi.

Na lile swali la pili sikukujibu kabisa. Sifuri ni shufwa. Igawanye kwa 2, hakibaki kitu.

Dada yako