Barua kutoka Oslo: Marcus Thrane na vyama vyake 414

Oslo

Baba Mdogo, shikamoo.

Salamu kwako, kwa Mama Mdogo na kwa wote hapo Muleba. Sisi huku ni wazima, baridi imeanza kuingia lakini kazi zinaendelea.

Ulitaka kujua nani aliyeanzisha siasa za wafanyakazi katika nchi hii ya Norway. Ukiuliza huku, wengi watakutajia tarehe 21 Agosti 1887, siku Chama cha Wafanyakazi kilipoundwa katika mji wa Arendal. Ni kweli, lakini mimi nitakuandikia habari za mtu aliyetangulia kwa karibu miaka 40, Marcus Thrane. Nimemchagua yeye kwa kuwa kazi aliyoifanya unaijua vizuri kwenye chama chenu cha msingi: kuandikisha wanachama, kukusanya ada, kuweka muhtasari wa vikao, kupeleka madai juu na kusubiri majibu. Alipofaulu na alipokwama, utaona mwenyewe palikuwa wapi.

Kwanza uwajue watu aliowakusanya. Norway ya wakati ule ilikuwa na watu wapatao milioni 1.4, na mfalme wake alikuwa mmoja na wa Sweden, Oscar I. Mashambani, mwenye shamba alikuwa na watu walioitwa husmenn (mmoja ni husmann). Husmann alipewa kibanda na kipande cha ardhi pembeni mwa shamba, mara nyingi pale penye mawe na kivuli, akapanda viazi na shayiri kidogo, akafuga ng'ombe mmoja au wawili. Malipo yake yalikuwa kazi: mwenye shamba akimwita, anaacha viazi vyake na kwenda kuvuna vya mwenzake. Hapo ndipo palipouma zaidi, Baba Mdogo, kwa sababu kiangazi cha huku ni kifupi, na siku ya jua inayomfaa mwenye shamba kukausha majani ndiyo hiyo hiyo inayomfaa husmann. Wewe uliyesikia wazee wakisimulia nyarubanja, ule mfumo wa ardhi wa zamani wa kwetu, mtwarwa (mpangaji) na mtwazi wake (mwenye ardhi), hutapata taabu kuelewa. Mwaka 1855 husmenn wenye vipande vya ardhi walihesabiwa kuwa wapatao 65,000, na hapo hujaongeza wake zao na watoto.

Hawa hawakuwa na kura. Katiba ya 1814 ilisifiwa Ulaya nzima kwa uhuru wake, lakini ilimpa haki ya kupiga kura mwanamume wa miaka 25 na zaidi aliyekuwa mtumishi wa serikali, au mwenye ardhi iliyoandikwa kwenye daftari la serikali (au aliyeikodi kwa zaidi ya miaka mitano), au mfanyabiashara na mwenye nyumba wa mjini. Ardhi ya husmann ilikuwa ndani ya shamba la mwingine, haikuandikwa popote kwa jina lake. Kibarua wa mbao, mchimba madini na msaidizi wa fundi nao walikuwa nje, na wanawake wote vilevile.

Thrane mwenyewe hakuzaliwa kwenye kibanda. Alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1817 hapa hapa Oslo, enzi hizo ukiitwa Christiania, katika ukoo wa wafanyabiashara. Baba yake alikuwa na cheo katika Benki ya Norway, akaingia kwenye kashfa ya fedha za benki, na heshima ya familia ikaanguka. Kijana akakua anaujua ukubwa na aibu kwa pamoja. Alifanya mtihani wa kuingia chuo kikuu mwaka 1840, mwaka uliofuata akamwoa Josephine Buch, wakaendesha shule Lillehammer, kisha wakahamia Modum, karibu na machimbo ya kobalti ya Blaafarveværket. Kampuni hiyo ilikuwa miongoni mwa waajiri wakubwa nchini, na mwishoni mwa miaka ya 1840 ikafilisika. Biashara ya mbao nayo ilikuwa imedorora. Halafu Februari 1848 Wafaransa wakamwondoa mfalme wao, na habari zikafika hadi kwenye bandari za mbao za Norway.

Mwaka huo huo Thrane alipata kazi ya uhariri wa gazeti la Drammens Adresse, mjini Drammen. Akaandika kuhusu kura kwa wote na kuhusu mawazo ya akina Proudhon na Louis Blanc, wasoshalisti wa Kifaransa. Wasomaji wenye mali wakakasirika, na kabla mwaka haujaisha akaondolewa. Wengi wangetafuta kazi nyingine. Yeye, tarehe 27 Desemba 1848, akaanzisha chama cha wafanyakazi Drammen, kikaanza na wanachama wapatao 160.

Sasa tazama alivyojenga. Hakuita umati uwanjani. Alijenga chama kimoja, halafu kingine, kila kimoja na viongozi wake, kikitoza ada ndogo na kukutana palepale watu wanapoishi. Ilipofika tarehe 5 Mei 1849 akatoa gazeti, Arbeider-Foreningernes Blad, yaani gazeti la vyama vya wafanyakazi, na hilo ndilo lililoviunganisha. Kijiji cha mbali kilisoma madai yale yale ya Drammen. Norway ilikuwa na bahati moja: Kanisa la Kilutheri lilidai kila kijana asome ndipo apewe kipaimara, kwa hiyo watu maskini wengi walijua kusoma hata kama kuandika kuliwashinda. Gazeti moja liliweza kusomwa kwa sauti kibandani na kuhesabika kama magazeti kumi. Nadhani hapa ndipo akili yake kubwa ilipokuwa, kuliko hata hotuba zake.

Kisha wakaandika ombi kwa mfalme, la tarehe 19 Mei 1849. Njia hii Wachartisti wa Uingereza, wafanyakazi waliodai haki ya kura, walikuwa wameitumia mara kadhaa. Madai hayakuwa ya mbinguni. Walitaka kura kwa kila mwanamume. Walitaka ushuru wa nafaka kutoka nje uondolewe, maana Norway hailimi nafaka ya kuitosha, na ushuru ule ulipandisha bei ya mkate wa maskini huku ukimnufaisha mwenye shamba kubwa. Walitaka shule bora kwa watoto wa kawaida, kesi ziende haraka na sheria iwe moja kwa tajiri na maskini, uuzaji wa pombe kali ubanwe, hali ya husmenn irekebishwe, na jeshi lichukue vijana wa tabaka zote, kwa sababu mzigo huo ulikuwa umewaelemea wa mashambani.

Saini zikafika karibu 13,000. Fikiria kazi yake. Karatasi inapita nyumba kwa nyumba; kwa desturi ya huku wakati ule, asiyejua kuandika hushika kalamu kwa mkono wake huku mwingine akimwandikia jina, na jina hilo huhesabiwa kuwa lake. Lakini jina hilo linaweza kusomwa na mwenye shamba, na husmann asiye na mkataba wa maandishi anaweza kufukuzwa pamoja na watoto wake. Kwa hiyo kila saini ile ilikuwa na gharama. Mimi naziheshimu sana.

Jibu lilikuja Novemba 1850, mwaka mmoja na nusu baadaye, na lilikuwa hapana. Kuchelewa kule kulileta hasara mbili. Wale wapole, waliokuwa na imani kwamba mfalme akijua shida zao atawasikia, walivunjika moyo. Wale wakali wakapata hoja. Lugha ya Thrane mwenyewe gazetini ikaanza kuwa na makali zaidi, na serikali ilikuwa ikisoma kila toleo.

Lakini vyama vilikuwa bado vinaongezeka. Katika kilele vilikuwa 414, wanachama 30,000, wengi wao kutoka mashariki ya nchi na eneo la Trøndelag. Katika nchi ya watu milioni 1.4, hadi wakati huo hakuna chama kingine cha siasa kilichokuwa kimewahi kuwakusanya watu wengi hivyo. Wajumbe walikutana Christiania katika mkutano wa nchi nzima kiangazi cha 1850. Hata kijana Henrik Ibsen, kabla hajawa yule mwandishi mashuhuri wa tamthilia unayemsikia, aliandikia gazeti lao na kufundisha shule yao ya Jumapili.

Mkutano wa pili wa nchi nzima ulikuwa Juni 1851, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mjumbe mmoja, Halsten Knudsen, alileta hoja ya mapinduzi. Katika joto la mjadala hoja ikapita. Muda si mrefu wakatulia, wakaifuta. Thrane hakuwa mtu wa silaha, na vyama havikuwa na mpango wowote wa kijeshi. Lakini wewe unajua muhtasari ulivyo: kilichopitishwa kikafutwa huwa kimeshasikika. Kura ile ya muda mfupi iliipa serikali kile ilichokosa kwa miaka miwili, yaani kosa la jinai. Mapema mwaka huo kulikuwa na vurugu katika mji wa Levanger, Trøndelag, na askari wakapelekwa, hivyo hofu ilikuwa tayari imetandazwa.

Tarehe 7 Julai 1851 Thrane akakamatwa, pamoja na msaidizi wake Theodor Abildgaard na wengine. Polisi walivamia pia lilipochapwa gazeti. Wanaosimulia maisha ya Ibsen husema msimamizi wa wachapaji alizimwaga sakafuni karatasi hatari kana kwamba ni takataka, polisi wakazipita, na hivyo Ibsen akaponea chupuchupu.

Kesi ikavutwa miaka minne. Hukumu ya mwisho ya Mahakama Kuu ilitoka 1855: Thrane miaka minne ya kazi ngumu, kwa kosa la kuhatarisha usalama wa nchi. Waliotiwa hatiani pamoja naye walizidi mia moja. Miaka aliyokaa mahabusu haikumwondolea kifungo, akatoka 1858, yaani miaka 7 tangu alipokamatwa. Josephine alijaribu kuliendesha gazeti mume wake akiwa ndani, akiwa pia na watoto wa kulisha. Vyama vikafa kimoja kimoja.

Kwa nini vilikufa haraka hivyo? Wengi hulaumu ukatili wa serikali, na kweli ulikuwepo. Mimi naongeza mambo mawili. Vyama vile vyote 414 vilishikana kwa gazeti moja na mtu mmoja. Hapakuwa na kamati kuu ya pili iliyojua kazi, wala mfuko wa kuwalisha waliofungwa. Na mwanachama wa kawaida alilala kwenye nyumba ya mtu aliyempinga. Mfanyakazi wa kiwandani akigoma hupoteza mshahara. Husmann akigoma anapoteza paa. Ndiyo maana vyama vya baadaye vilivyodumu vilianzia mijini, kwa wachapaji na mafundi.

Hata hivyo usidhani kazi ilipotea. Septemba 1851, miezi michache tu baada ya kukamatwa kwao, ikatoka sheria iliyodai mkataba wa husmann uandikwe. Wenye nchi waliwafunga viongozi, kisha wakatoa sehemu ya kile viongozi walichodai. Kura kwa wanaume wote ilikuja 1898, na kwa wanawake wote 1913.

Thrane alipotoka gerezani alijipatia riziki kwa kupiga picha, akizunguka. Josephine akafariki 1862. Mwishoni mwa 1863 akaondoka na watoto kwenda Marekani. Akakaa Chicago, akawaandikia Wanorway wenzake magazeti: Marcus Thrane's Norske Amerikaner mwaka 1866, kisha Dagslyset, ambalo lilishambulia ukali wa makasisi. Hilo lilimpunguzia marafiki, kwa sababu wahamiaji wengi walishikamana na kanisa ugenini kuliko hata nyumbani, na naona hapo hakuwapima watu wake vizuri kama alivyowapima mwaka 1849. Mwaka 1883 alirudi Norway kutoa mihadhara, wakaja wachache. Alifariki tarehe 30 Aprili 1890 Eau Claire, Wisconsin, kwa mtoto wake aliyekuwa daktari. Mwaka 1949, miaka mia moja baada ya ombi lile, mabaki yake yaliletwa Oslo na kuzikwa katika makaburi ya Vår Frelsers gravlund. Wakati huo waliokuwa wakitawala ni chama cha wafanyakazi.

Kuhusu chama hicho nitakuandikia barua nyingine, maana kina watu wake: Christian Holtermann Knudsen, mchapaji aliyeanzisha gazeti la Vort Arbeide mwaka 1884, Alfred Eriksen, mchungaji aliyekuwa miongoni mwa wabunge wa kwanza wa chama waliochaguliwa mwaka 1903 kutoka Troms, kaskazini kabisa, na Christopher Hornsrud, waziri mkuu wao wa kwanza, ambaye serikali yake ya 1928 ilidumu siku 18 tu kwa sababu mabenki na vyama vingine viliiogopa. Ukitaka nianze na yupi, nitumie ujumbe.

Wasalimie wote, na Mama Mdogo umwambie kahawa aliyotuma ilifika salama.

Mimi mwanao,
Oslo