Afrika Kusini: tumeiga mgao wa mawaziri, tumeacha hesabu ya kura

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini kwako. Kila Zanzibar inapozungumzia Serikali ya Umoja wa Kitaifa (SUK), hazikosekani makala za kutukumbusha Afrika Kusini ya Mandela: kwamba Makaburu walikaa meza moja na watu waliowafunga, basi na sisi tufanye vivyo hivyo. Ni maneno mazuri. Tatizo ni kwamba waandishi wake husimulia mno viongozi walivyopeana mikono, na sheria waliyoitumia huigusa juu juu. Ukiisoma sheria hiyo utaona kuwa mgao wa mawaziri ndio uliovunjika mapema. Kilichodumu ni namna kura zinavyogeuzwa kuwa viti, na hicho ndicho tusichokitazama.

Tuanze na huo mgao, maana ulipangwa kwa ufundi. Katiba ya mpito ya 1993 iliweka milango miwili. Chama kilichopata viti 20 au zaidi kati ya 400 vya Bunge kilikuwa na haki ya kupewa wizara. Kilichofikisha viti 80 kilikuwa na haki ya kutoa Makamu wa Rais. Uchaguzi wa Aprili 1994 ukaipa ANC ya Mandela viti 252, National Party ya F.W. de Klerk (chama cha Makaburu) 82, na Inkatha ya Buthelezi 43. Kwa hiyo de Klerk aliupata umakamu, sambamba na Thabo Mbeki wa ANC, kwa ziada ya viti 2 tu. Na hata angepungukiwa na viti 3, Katiba ilikipa haki hiyo chama cha pili kwa viti, Mandela ampende asimpende.

Wizara 27 ziligawiwa kwa hesabu. Unajumlisha viti vya vyama vitatu vinavyoshiriki: 377. Unachukua idadi ya wizara na kuongeza moja: 28. Unagawa, unapata 13.46. Kisha viti vya kila chama unavigawa kwa namba hiyo na kuacha desimali: ANC 18, National Party 6, Inkatha 3. Jumla 27, hakuna aliyebaki analalamika kuwa amepunjwa.

Lakini hesabu hiyo ilitoa viti vya kukalia tu. Katiba ililitaka Baraza la Mawaziri litafute maafikiano, wala haikumpa mtu kura ya turufu. National Party ilikuwa na mawaziri 6 ndani ya chumba ambacho wenzao walikuwa 18. Mei 1996 katiba ya kudumu ilipopitishwa bila kuendeleza lazima ya kugawana madaraka baada ya 1999, chama hicho kikatoka serikalini. Ilikuwa imepita miaka miwili na kitu. Inkatha ilibaki, serikali haikuyumba, na nchi haikurudi vitani.

Serikali ya umoja ya 2024, ambayo baadhi ya makala huichanganya na ile ya kwanza, ni kitu kingine kabisa. Hii haimo katika katiba. ANC ilishuka hadi viti 159, na ili Bunge limchague Rais mtu anahitaji wingi, yaani 201 wote wakiwapo. Vyama vikaandikiana hati ya nia. Ndani yake kuna kifungu kimoja kinachostahili kusomwa na kila anayeshughulikia maridhiano hapa kwetu: "maafikiano ya kutosha" yanahesabiwa kuwapo pale vyama vinavyokubaliana vinapokuwa na asilimia 60 ya viti vya Bunge. Asilimia 60 ni viti 240. ANC na DA (Democratic Alliance), chama cha pili kwa ukubwa, pamoja wana 246. Maana yake ni kwamba ndani ya muungano ule ANC haiwezi kufika huko bila DA, wala DA bila ANC. Ni turufu iliyofichwa ndani ya tarakimu.

Hata hiyo ina tundu lake. Februari 2025 Waziri wa Fedha alitaka kupandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 15 hadi 17. Hotuba ya bajeti ikaahirishwa siku ile ile iliyopangwa kusomwa. Ikarudi Machi na nyongeza ndogo ya kuifikisha kodi asilimia 15.5, DA ikakataa na kwenda mahakamani, na mwishoni mwa Aprili nyongeza ikafutwa. Hati ilieleza namna ya kufikia maafikiano. Kumbe mshirika anayepinga bajeti bado ni mshirika, au amekwishatoka? Hilo liliachwa wazi, na wiki nzima nzima zikaliwa na mabishano.

Sasa turudi kwetu. SUK yetu ni imara kuliko hati yao kwa sababu imo katika Katiba ya Zanzibar tangu 2010, baada ya kura ya maoni ya tarehe 31 Julai mwaka huo ambapo asilimia 66.4 walisema ndiyo. Nasi tuna mlango: chama cha pili kisipofikisha asilimia 10 ya kura za urais hakina haki ya Makamu wa Kwanza. Machi 2016, uchaguzi uliporudiwa na CUF, chama kikuu cha upinzani wakati huo, kususia, hapana chama cha upinzani kilichoufikia mlango huo, na nafasi ikabaki tupu hadi Maalim Seif alipoapishwa Desemba 2020. Mfumo wenyewe haukukiukwa. Ulifanya kile ulichoandikiwa. Ndio maana tunasema wanaotaka kuujadili wasome vizingiti, waache kusoma nyuso.

Tukija kwenye kura na viti, hapa Zanzibar haina la kujifunza ugenini ambalo halijaliona nyumbani. Chini ya Waingereza, viti vya Baraza la Kutunga Sheria lililoanza 1926 viligawiwa kwa makabila na asili za watu: Waarabu, Wahindi, Wazungu. Mwafrika wa kwanza aliteuliwa 1946. Kura za kwanza, 1957, zilikuwa za viti 6. Kutoka hapo tukaingia Zama za Siasa, miaka ya ushindani wa vyama kabla ya Mapinduzi, tukiwa na mfumo wa jimbo moja mshindi mmoja, katika nchi ambayo watu walikwishazoeshwa kuhesabiana kwa asili. Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja.

Katika uchaguzi wa Julai 1963 ASP (Afro-Shirazi) ilipata asilimia 54 ya kura na viti 13. ZNP (Hizbu) ilipata karibu asilimia 30 na viti 12. ZPPP, mshirika wa ZNP, ilipata karibu 16 na viti 6. ZNP na ZPPP wakaunda serikali kwa viti 18 kati ya 31. Hebu chukua viti hivyo hivyo 31 uvigawe kwa uwiano wa kura: ASP 17, ZNP 9, ZPPP 5. Kura hazikuibwa hata moja katika hesabu hii. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo ya Unguja iliyoshinda kwa mbali, na wenzake wakashinda kwingine kwa tofauti ndogo ndogo. Kura ya elfu nne katika jimbo ulilokwisha kulishinda haina kazi. Hatusemi kuwa yaliyofuata Januari 1964 yana sababu hii peke yake, la hasha, ila asiyeitaja anasimulia nusu.

Na Afrika Kusini yenyewe iliingia katika ubaguzi rasmi kwa mlango huo huo. Mwaka 1948, katika uchaguzi wa watu weupe pamoja na machotara wachache wa Cape, chama cha Waziri Mkuu, Jenerali Smuts, kilipata kura nyingi kuliko cha Malan, kiongozi wa Makaburu. Malan na mshirika wake wakatoka na viti 79 kati ya 150. Sheria ya 1909 iliruhusu jimbo kuwa na wapiga kura pungufu au zaidi kwa asilimia 15 kuliko wastani, na kawaida ya wapangaji ilikuwa majimbo ya shamba kuwa madogo na ya mjini makubwa. Makaburu walikuwa shamba.

Kwa hiyo walipokaa kuandika sheria ya uchaguzi wa 1994 walijua wanachokikimbia. ANC ndiyo iliyokuwa na la kupoteza, kwani chama chenye asilimia 62 kikipigania majimbo hupita theluthi mbili bila jasho. Kwa uwiano ilibaki na viti 252, pungufu ya theluthi mbili kwa viti 15. Ikakubali uwiano mtupu, yaani viti kugawiwa kwa asilimia ya kura bila majimbo, tena bila kiwango cha chini cha kuingia Bungeni. Chama kidogo cha ACDP, chenye kura 88,000 hivi katika nchi nzima, kilipata viti 2. Jenerali Constand Viljoen, aliyekuwa na uwezo wa kuita wanaume wenye bunduki, alisajili chama chake Machi 1994 dakika za mwisho, akapata viti 9. Kwa majimbo huenda asingepata hata kimoja, na angebaki nje na watu wake. Inkatha nayo ilikubali kushiriki tarehe 19 Aprili, siku chache tu kabla ya kura, karatasi zikiwa zimekwisha chapwa. Zikatengenezwa stika zenye jina la chama na sura ya Buthelezi, zikabandikwa chini ya kila karatasi. Mfumo wa majimbo usingeweza kumpokea mgeni wa saa kama hizo, maana angelazimika kuteua mgombea kila jimbo.

Faida kubwa zaidi ni hii, na ndiyo inayotuhusu. Mkoa wa Western Cape uliangukia National Party, viti 23 kati ya 42. Lakini ANC ikapata 14, kwa theluthi yake ya kura. Hapana aliyeweza kusema mkoa mzima ni wa wale. Linganisha na Zanzibar 1995. Kura za urais zilikuwa 50.2 kwa 49.8. Viti vya Baraza la Wawakilishi vilikuwa CCM 26 na CUF 24, karibu sawa na kura, na mtu akitazama jumla atasema mfumo ulitenda haki. Aufungue kisiwa kwa kisiwa: Pemba viti vyote 21 CUF, Unguja 26 kati ya 29 CCM. Mwana-CCM wa Micheweni, Pemba, na mwana-CUF wa Makunduchi, Unguja, walipiga kura, zikahesabiwa, zikatoweka. Halafu tukashangaa kwa nini serikali huitazama Pemba kama kitu kimoja na Pemba ikaitazama serikali hivyo hivyo.

Uwiano mtupu una ubaya wake, tusifichane. Majina hupangwa na wakubwa wa chama, na mbunge akiwaudhi hushushwa katika orodha ijayo. Mwananchi hana mtu wake wa kumgongea mlango kwa habari ya kisima. Kwa Zanzibar, ambako mwakilishi hukutana na watu wake msikitini na sokoni, kuyafuta majimbo kungezua balaa.

Ndio maana mfano bora ni Lesotho, jirani aliyezungukwa na Afrika Kusini. Mwaka 1998 chama tawala kilipata kama asilimia 60 ya kura na viti 79 kati ya 80; chama cha pili, chenye karibu robo ya kura, kiti 1. Maseru ikachomwa moto na majeshi ya majirani yakaingia. Mwaka 2002 wakabakiza majimbo 80 na kuongeza viti 40 vya fidia, na chama kile cha kiti 1 kikaondoka na 21. Hila nayo haikukawia: wapiga kura walikuwa na karatasi mbili, na 2007 vyama vikubwa vikafunga ndoa na vidogo, jimboni kura kwa mmoja, orodhani kwa mwenzake, wakavuna fidia wasiyostahili. Dawa waliyoipata ni karatasi moja inayohesabiwa mara mbili.

Hapa kwetu viti vya kufidia havihitaji hata kuongezwa. Majimbo ni 50, na viti vya wanawake ni asilimia 40 ya hivyo, yaani 20. Jumla 70. Tuseme chama kina asilimia 30 ya kura za uwakilishi: stahili yake ni viti 21. Kimeshinda majimbo 10, basi kijazwe 11 kutoka viti vya wanawake. Kilichozidi stahili yake majimboni kisipewe cha fidia. Kura iwe ile ile moja ya jimbo, isije hila ya Lesotho.

Kuhesabu vizuri hakushibishi mtu, na Afrika Kusini ni shahidi. Sheria ya 1913 iliwaachia Waafrika kama asilimia 7 ya ardhi, ya 1936 ikafikisha 13, na lengo la kurudisha asilimia 30 ya mashamba liliwekwa la 1999, likasogezwa 2014, likakosekana. Sisi ardhi iliingia mikononi mwa serikali Machi 1964 na eka tatu zikagawiwa. Hilo tuliwatangulia, kwa gharama tunazozijua.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Matokeo ya uchaguzi wowote ujao ukiyachapisha, usiishie kwenye orodha ya washindi. Weka jedwali la kila chama lenye safu nne: kura Unguja, viti Unguja, kura Pemba, viti Pemba. Fomu za matokeo ya majimbo zina tarakimu zote hizo. Ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu mwenye kikokotoo.

Walimu wa Historia na Uraia,
Wete, Pemba