Maji ya kijani ya ziwa letu yana msimu wake, na msimu huo upimwe hadharani

Kwa Mhariri,

Kila mara maji ya Ghuba ya Murchison katika Ziwa Viktoria yanapogeuka kijani na kuacha utando mzito kwenye mawe ya Ggaba, wasomaji hugawanyika pande mbili: wapo wanaolaumu taka za Kampala zinazoshuka kwa mfereji wa Nakivubo, na wapo wanaosema kwamba ziwa limekuwa hivyo tangu enzi za babu zetu na litajisafisha lenyewe. Nimefundisha biolojia mjini Jinja kwa miaka mingi, na naomba nafasi nieleze kwa nini kila upande umeshika nusu tu ya ukweli.

Kijani hicho ni fitoplanktoni, vijimea vidogo mno vinavyoelea majini na kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Si viumbe vya kudharauliwa, kwani vile vya baharini peke yake hufanya takriban nusu ya usanisinuru wote wa dunia. Shida yao ni kwamba wanahitaji vitu viwili visivyokaa pamoja: mwanga uko juu, ilhali virutubisho kama nitrojeni na fosforasi huzama pamoja na mabaki ya viumbe waliokufa. Jua likipasha maji ya juu, maji hayo huwa mepesi na kutanda juu ya yale ya baridi, na chakula kilichoko chini kikafungiwa huko mpaka kitu fulani kiyavuruge maji.

Katika Atlantiki ya Kaskazini, kitu hicho ni baridi na dhoruba za mwisho wa mwaka, na fitoplanktoni huchanua jua linaporudi. Maelezo aliyoyatoa Mnorwe Harald Sverdrup mwaka 1953 kuhusu jambo hilo yanajadiliwa na wanasayansi hadi leo. Kwetu Afrika Mashariki ni upepo. Watu wa pwani wanaujua Kusi kwa sababu ya safari za majahazi, lakini upepo huo huo, ukishavuka ikweta na kufuata pwani ya Somalia kati ya Juni na Septemba, husukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu kwa kuwa mzunguko wa dunia huyapinda upande wa kulia, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka kilindini kuziba nafasi. Bahari ya Uarabuni huwa kijani kwa upana unaoonekana kutoka kwenye setilaiti.

Jambo ambalo wanafunzi wangu hulistaajabia ni kwamba ziwa letu, lililo mbali na bahari, linafuata kalenda inayofanana na hiyo. Pepo za kusi-mashariki za katikati ya mwaka hupoza uso wa Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, na mnamo Juni na Julai maji huchanganyika kutoka juu hadi chini. Baadaye tabaka hujijenga tena, na maji ya chini hupungukiwa oksijeni mwezi baada ya mwezi. Jack Talling, akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa uvuvi hapa Jinja, alilipima hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kulichapisha mwaka 1966. Kwa hiyo wanaosema kwamba ziwa lina misimu yake wako sahihi.

Lakini ziwa alilolipima Talling silo tulilo nalo. Wakati ule, maji yalipochanganyika, diatomu, fitoplanktoni zenye ganda kama la kioo, ndizo zilizostawi, nazo ni chakula kizuri kwa viumbe wengine. Rose Mugidde, mtafiti wa hapa kwetu, alionyesha mwaka 1993 jinsi wingi wa fitoplanktoni ulivyopanda tangu siku hizo, na leo sianobakteria, yaani bakteria za kijani-buluu zinazoishi kwa mwanga wa jua, ndizo zinazotawala sehemu kubwa ya mwaka, zikilishwa na fosforasi inayotoka mashambani, mijini na kwenye moshi wa kuchoma nyasi na misitu. Baadhi yao hutoa sumu ya ini ambayo haiondoki kwa kuchemsha maji. Nalirudia hili kwa sababu akina mama wengi wa visiwani huchota maji moja kwa moja ziwani na huamini kwamba yakishatokota yamekuwa salama. Pale penye utando wa kijani, wachote mbali nao.

Hatari ya pili inawahusu wavuvi. Dhoruba ikivuruga tabaka ghafla, maji ya chini yasiyo na oksijeni hupanda, na samaki hufa. Mwanzoni mwa mwaka 2021 mputa (sangara) wengi walielea wakiwa wamekufa, watu wakashuku sumu, na wataalamu wakaeleza kwamba ni upungufu wa oksijeni. Mfugaji wa ngege (perege) katika vizimba hawezi kuwahamisha samaki wake usiku mmoja, lakini akijua wiki moja kabla kwamba oksijeni inashuka, anaweza kupunguza chakula au kuvuna mapema.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako linachapisha utabiri wa mvua. Lichapishe pia, kila wiki, joto la maji na oksijeni ya juu na ya chini kutoka kwa watafiti wa Jinja, pamoja na kina ambacho sahani nyeupe iliyofungwa kamba huacha kuonekana ikishushwa majini. Kipimo hicho cha mwisho hata shule iliyo kando ya ziwa yaweza kukichukua, na wanafunzi wangu wako tayari kuanza Jumatatu yoyote utakayotutajia.

Mwalimu wa biolojia,
Jinja